Avatar na Kitabu Kisichotajwa: Swali la Wizi Linatupoteza

Filamu ya tatu ya Avatar, Fire and Ash, ilitoka Desemba 2025, na mjadala uliozuka mwaka 2009 kisha ukarudi mwaka 2022 umeamka tena. Msomaji wa Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani wa hadithi za kisayansi, nami ni msomaji wake wa miaka mingi, hawezi kuutazama Pandora, mwezi ambako hadithi ya filamu hizo inatokea, bila kukumbuka The Word for World Is Forest, riwaya yake fupi ya mwaka 1972. Filamu haimtaji mwandishi huyo. Basi watu hugawanyika. Kuna wanaosema James Cameron, mwongozaji wa filamu hizo, ameiba, na kuna wanaojibu kwamba hakuna mahakama iliyowahi kusema hivyo, kwa hiyo hakuna la kujadili. Naona pande zote mbili zimepotea njia moja, kwa kuwa zote zinaamini kuwa mfanano una maana pale tu unapothibitisha kosa. Msimamo wangu ni kwamba mfanano huu upo, kwamba kwa uwezekano mkubwa si wizi, na kwamba bado unapaswa kutajwa kwa sauti, kwa sababu filamu imelichukua swali lile lile la kitabu na kulipa jibu lililo kinyume. Na nitasema jambo la pili ambalo wapenzi wenzangu wa Le Guin huenda wasilipende: kelele zetu za wizi ni sehemu ya sababu zinazofanya studio zisiseme chochote.

Tuanze na kitabu chenyewe, maana mara nyingi hutajwa na watu ambao hawajapata kukisoma. Le Guin alikiandika akiwa London mwaka 1968, vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto, na uchungu wa vita hivyo umejaa ndani yake. Binadamu kutoka Dunia, ambako miti imekuwa adimu, wamekwenda kukata mbao kwenye sayari ya Athshe iliyofunikwa na misitu. Wenyeji wake ni watu wafupi, kimo cha mita moja hivi, wenye manyoya ya kijani, wanaoota ndoto wakiwa macho na kuzihesabu ndoto hizo kuwa nusu ya maisha. Hawauani wao kwa wao. Wageni wanawatumikisha kwa nguvu. Kapteni Davidson, askari asiyekubali kuwa wenyeji ni watu, anambaka mke wa mwenyeji aitwaye Selver, na mwanamke huyo anafariki. Lyubov, mtafiti aliyejifunza lugha na desturi zao, ni rafiki wa Selver lakini hana nguvu ya kuzuia chochote. Mwishowe Selver anawaongoza watu wake kuwachinja wakoloni. Katika filamu ya mwaka 2009 kinachotafutwa ni madini, wenyeji ni warefu wa rangi ya buluu, askari katili ni Kanali Quaritch, mtafiti mwenye huruma ni Grace Augustine, na msitu wote umeunganishwa na nguvu moja iitwayo Eywa. Hapo pia wenyeji wanapigana, na wageni wanafukuzwa.

Ukiipanga mifanano hiyo kwenye safu mbili inashtua, na ndivyo inavyopangwa kila mara. Lakini orodha za namna hii zinadanganya kuliko zinavyofundisha. Ukishaamua kwamba wageni wenye silaha watakuja kuchukua mali ya msitu unaokaliwa na watu, hadithi yenyewe inakudai mengine. Inakudai askari katili, kwa sababu dhuluma ya mfumo mzima ni lazima ipewe sura moja ya kuchukiwa. Inakudai mtafiti mpole, kwa sababu msomaji anahitaji mtu wa kumfikisha kwa wenyeji. Inakudai mwenyeji aliyefiwa, maana bila msiba hakuna vita. Vitu vitano vya namna hiyo si ushahidi mara tano. Ni uamuzi mmoja uliozaa watoto watano, na uamuzi huo wa kwanza haukubuniwa na Le Guin wala Cameron, kwa kuwa historia ya ukoloni imeuandika mara nyingi katika nchi nyingi. Anayetaka kujua kama hadithi moja imetoka ndani ya nyingine atafute mfanano ambao hadithi haikuulazimisha, kitu kidogo ambacho kingeweza kuwa vingine kabisa na kisiharibu lolote.

Tukitumia kipimo hicho matokeo yanamshangaza mpenzi wa Le Guin. Jambo la pekee kabisa katika Avatar ni mtu aliyepooza anayeishi upya kupitia mwili wa kutengenezwa, na hilo halimo katika The Word for World Is Forest. Limo katika Call Me Joe, hadithi ya Poul Anderson ya mwaka 1957, ambamo mtu mwenye ulemavu anauendesha kwa akili yake mwili uliobuniwa kwa ajili ya kuishi Jupiter. Nayo ile fikra ya mimea iliyounganika ikawa na utambuzi mmoja wa sayari nzima haimo waziwazi katika riwaya ya 1972. Imo katika hadithi nyingine ya Le Guin, Vaster than Empires and More Slow, iliyotoka mwaka uliotangulia. Kwa hiyo anayesema Cameron alikichukua kitabu kile kimoja amekosea hata kitabu. Kinachoonekana ni mtu aliyelelewa na aina fulani ya fasihi, ambaye kumbukumbu yake imechanganya vyanzo hadi havitenganishiki. Cameron mwenyewe amepata kueleza kwamba chimbuko la filamu hiyo ni vitabu vyote vya hadithi za kisayansi alivyosoma utotoni. Namwamini. Ila kauli hiyo ni pana mno kiasi kwamba haimlipi mtu yeyote heshima yake: anayeshukuru vitabu vyote hajataja hata kimoja.

Sheria haitatusaidia hapa, na haikuundwa kutusaidia. Mwaka 1930, katika kesi ya mwandishi wa tamthilia Anne Nichols dhidi ya kampuni ya Universal, jaji Learned Hand wa Marekani alieleza kwamba kila kazi inaweza kupandishwa ngazi kwa ngazi kutoka maneno yake hadi wazo lake la jumla kabisa, na kwamba mahali fulani kwenye ngazi hiyo ulinzi wa mwandishi unakoma. Akakiri kuwa hakuna aliyewahi kuuweka mpaka huo na hakuna atakayeweza. Nichols alishindwa. Miaka sita baadaye jaji huyo huyo aliwapa ushindi waandishi wa tamthilia ya Dishonored Lady dhidi ya filamu ya Letty Lynton, ingawa pande zote zilitumia kisa kilekile cha kweli cha mwanamke aliyeshtakiwa Scotland mwaka 1857. Alisema mwigaji hawezi kujitetea kwa kuonyesha ni kiasi gani hakukichukua. Mahakama ya Juu ya India nayo ilifuata mkondo huo mwaka 1978. Mwandishi R. G. Anand alidai filamu ya New Delhi imetokana na tamthilia yake, mahakama ikamjibu kwamba wazo, dhamira na visa vya historia havina mwenyewe; kilicho na mwenyewe ni namna vilivyosimuliwa. Naikubali kanuni hiyo kwa moyo wote. Bila hiyo mtu mmoja angelimiliki penzi la watoto wa familia mbili zinazochukiana, na fasihi ingekoma.

Ila angalia kanuni hiyo inavyofanya kazi mahakamani. Mlalamikaji hana budi kuthibitisha mambo mawili: kwamba mshtakiwa aliifikia kazi yake, na kwamba kazi hizo mbili zinafanana kwa kiasi kikubwa katika vile vinavyolindwa. Jambo la kwanza ni gumu kulithibitisha, mpaka pale mtengenezaji filamu atakapofungua mdomo na kusema, kwa furaha ya msomaji, kwamba kitabu fulani kilimgusa. Kuanzia siku hiyo nusu ya kesi imeshathibitishwa na yeye mwenyewe. Ndiyo maana studio kubwa hurudisha miswada isiyoombwa bila kuifungua, na ndiyo maana wanasheria huwaomba waongozaji waseme vyanzo vyao kwa jumla jumla. Cameron analijua hili kwa karibu. Baada ya The Terminator kutoka mwaka 1984, mwandishi Harlan Ellison alidai imefanana na kazi zake za miaka ya 1960, kampuni ya Orion ikamalizana naye nje ya mahakama, na maneno ya kumtambua yakaongezwa kwenye filamu. Inastaajabisha kwamba Ellison huyohuyo ndiye mhariri wa mkusanyiko wa mwaka 1972 ambamo The Word for World Is Forest ilitoka kwa mara ya kwanza. Mtu aliyepita kwenye tanuri hilo mara moja hatarajiwi kusimama mbele ya wanahabari na kuorodhesha maktaba yake.

Hapo ndipo lawama inapotugusa sisi wasomaji. Kila tunapochukua kauli ya "nilisoma kitabu hiki nikakipenda" na kuigeuza kuwa ungamo la mwizi, tunamfundisha mtengenezaji wa filamu inayofuata kunyamaza. Na tuhuma hizo zina waathirika. Mwaka 2018 familia ya mwandishi Paul Zindel iliishtaki filamu ya The Shape of Water kwa kufanana na tamthilia yake ya Let Me Hear You Whisper, na kwa kweli mwanamke msafishaji wa maabara anayemhurumia kiumbe wa majini yumo katika zote mbili. Mahakama ya kwanza iliitupa kesi, ya rufaa ikaifufua mwaka 2020, kisha mwaka uliofuata mlalamikaji mwenyewe akaiondoa na kukubali kuwa madai hayakuwa na msingi. Kwa miaka mitatu mwongozaji wake, Guillermo del Toro, alikuwa ameitwa mwizi na watu ambao hawakuwa wamesoma tamthilia wala hati za kesi. Wangapi kati yao waliisoma ile taarifa ya mwisho?

Zipo hoja nzito za wanaotaka tuyaache haya, nami sizidharau. Ya kwanza ni kwamba kuazima ndiyo desturi ya sanaa, wala mnyororo hauna mwisho. Akira Kurosawa aliona Yojimbo yake ya mwaka 1961 ikirudiwa na Sergio Leone katika A Fistful of Dollars ya mwaka 1964, akadai haki yake na kupata asilimia 15 ya mapato. Lakini wahakiki wamekuwa wakiilinganisha Yojimbo yenyewe na Red Harvest, riwaya ya Dashiell Hammett ya mwaka 1929, ambamo pia mtu wa nje anaingia mji wenye magenge yanayohasimiana na kuyagombanisha. Nani basi anamdai nani? Ya pili ni kwamba akili husahau ilikotoa vitu. Helen Keller, mwandishi wa Marekani aliyekuwa kipofu na kiziwi, akiwa na umri wa miaka 11 aliandika hadithi aliyoamini ni yake. Ikagundulika inafanana mno na ya Margaret Canby, ambayo bila shaka alisomewa akaisahau. Alihojiwa kama mshtakiwa, na ameeleza maumivu hayo katika kitabu cha maisha yake. Mtoto yule hakuiba. Hoja hizi mbili zinanifanya niwe mwangalifu na neno wizi, na zinapaswa kumfanya kila mtu awe hivyo.

Hoja dhaifu ni ile inayotumika zaidi: kwamba kwa kuwa kesi kadhaa zilizofunguliwa dhidi ya Avatar na watu mbalimbali zilishindwa, basi hakuna deni. Anayesema hivi amechanganya vitu viwili. Mahakama huamua nani alipwe. Haiamui nani alifikiri kwanza, wala nani amejibiwa na nani. Apocalypse Now ya mwaka 1979 haimwandiki Joseph Conrad kwenye skrini, na Conrad alikuwa ameshafariki tangu mwaka 1924, lakini hakuna mhakiki makini anayeijadili bila Heart of Darkness, riwaya ya Conrad. Hata waandaaji wa tuzo za Oscar waliiteua katika kundi la miswada iliyotokana na kazi nyingine. Clueless ya mwaka 1995 inaeleweka vizuri zaidi kwa aliyesoma Emma ya Jane Austen, na mwongozaji wake, Amy Heckerling, hajawahi kuficha. Wahakiki wa fasihi wana neno la uhusiano wa namna hii, mwingilianomatini, na hawakuhitaji hukumu ya jaji ili walitumie. Deni ninalolisema ni la maarifa: mtazamaji ana haki ya kuambiwa kwamba mazungumzo aliyoingia yalianza kabla hajafika.

Na mazungumzo haya ni makubwa. Le Guin hakushtaki wala hakuita mtu mwizi. Muda mfupi kabla ya kifo chake Januari 2018, katika utangulizi wa toleo jipya la kazi zake, aliandika bila kuitaja filamu kwa jina kwamba ilifanana na kitabu chake kiasi cha watu wengi kudhani alishiriki kuitengeneza. Kisha akasema filamu hiyo imegeuza kabisa msingi wa kimaadili wa kitabu: tatizo kuu ambalo kitabu hakikulitatua, yaani ukatili wa halaiki, filamu imelifanya kuwa suluhisho, na kwa sababu hiyo alifurahi kwamba hakuhusika nayo. Malalamiko ya mtu aliyeibiwa hayafanani na haya. Mwandishi alikuwa akipinga jibu lililotolewa kwa swali lake.

Fuatilia ushindi wa Selver na utaona alichokimaanisha. Usiku wa shambulio kuu, wenyeji wanaua mamia ya wanawake wa kikoloni, kwa makusudi, ili wageni wasizaliane. Lyubov, rafiki wa Selver, anakufa humo humo. Davidson anapokamatwa, Selver hamuui. Anamwambia kuwa wamepeana zawadi: wewe umenipa mauaji ya binadamu mwenzako, nami nakupa kutokuua. Anamwacha aishi peke yake katika kisiwa ambacho wakoloni wenyewe walikikata miti yote. Na wageni wanapoondoka kabisa hakuna ngoma ya ushindi. Selver anakiri kwamba watu wake hawawezi tena kujifanya hawajui kuua. Katika dini ya watu hao, mungu ni yule anayeleta kitu kipya kutoka ndotoni hadi duniani, na kitu alichokileta Selver hakiwezi kurudishwa kilikotoka. Msomaji anakubali kwamba alilazimika kupigana, na bado anabaki na mzigo.

Avatar ya kwanza inaufuta mzigo huo. Anayewaongoza wenyeji ni mgeni aliyejifunza njia zao kwa miezi michache akawapita. Wanyama wa msitu wanakuja vitani, kana kwamba maumbile yenyewe yameidhinisha. Quaritch anachomwa mishale na ukumbi unashangilia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: filamu imewafanya mamilioni ya watu kulia kwa ajili ya mti ulioangushwa, na sidhani kitabu kimewahi kufikia idadi hiyo ya macho. Lakini jambo linalonivutia zaidi limo katika The Way of Water ya mwaka 2022. Humo kuna tulkun, viumbe wa baharini mfano wa nyangumi, wenye akili na nyimbo, waliojiwekea mwiko wa kuua kwa sababu waliona mauaji huzaa mauaji. Mmoja wao, Payakan, ametengwa kwa kuwa alithubutu kuwapigania wenzake na damu ikamwagika. Hilo ni swali la Selver kabisa, limerudi miaka 50 baada ya kitabu, safari hii katikati ya filamu yenyewe. Jibu la filamu ni kumwonyesha Payakan akiirukia meli ya wawindaji, na sisi tunashangilia tena. Mwiko wa kabila lake unaonekana kama ukaidi wa wazee. Cameron ana haki ya kuamini hivyo, na wapo watu wenye busara, wengine wametoka katika vita vya ukombozi, watakaomuunga mkono. Ila mtazamaji asiyejua kwamba kuna jibu jingine hajapewa nafasi ya kuchagua.

Ndiyo maana nataka tutenganishe kutajwa na kulipwa. Si fikra ngeni. Tangu marekebisho ya Rome ya mwaka 1928, Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unatambua kwamba haki ya mwandishi kutambuliwa kuwa mwenye kazi yake inasimama mbali na haki zake za kipato, na inabaki kwake hata akiziuza hizo. Haki hiyo haifiki kwenye mawazo, na isifike. Lakini sheria inaweza kuondoa hofu. England na Wales zina sheria ya fidia ya mwaka 2006 inayosema kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kuwa kukiri uzembe, ili watu wasiogope kusema pole. Kanuni ya aina hiyo ingeweza kuwekwa kwa shukrani: kwamba kutaja kitabu mwishoni mwa filamu, peke yake, kusitumiwe kama ushahidi wa kunakili. Wapo watakaohofia kuwa studio zitashukuru huku zikipora. Hofu hiyo ina jibu la zamani. Filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922 iliitaja riwaya ya Dracula ya Bram Stoker kwenye maandishi yake ya mwanzo, na bado mjane wa Stoker alishinda, mahakama ya Ujerumani ikaamuru mwaka 1925 nakala ziharibiwe. Anayetembea na msuko mzima wa kitabu cha mtu bila ruhusa hataokolewa na neno la shukrani, na kipimo cha ufanano mkubwa kitabaki palepale.

Mpaka hapo sheria itakapobadilika, kazi hii ni ya wahakiki na wasomaji, na inahitaji lugha nyingine kuliko ile tuliyoizoea. Anayeandika kuhusu Fire and Ash anaweza kuitaja The Word for World Is Forest katika aya ya kwanza bila kumtuhumu mtu, kama anavyotaja mahali filamu ilipopigwa. Aeleze ni kipi hadithi ilikilazimisha na kipi hapana. Amtaje Anderson pale panapomhusu Anderson, hata kama anampenda Le Guin zaidi. Kisha aende kwenye lile ambalo safu mbili za mifanano haziwezi kulionyesha: baada ya vita kwisha, kila kazi inawafanya nini wale walioshinda? Wachapishaji wa Le Guin nao wana nafasi hapa, kwa kuwa riwaya yenyewe ni fupi kiasi cha kumalizika jioni moja, na mamilioni wametoka kwenye kumbi za sinema wakiwa na swali lake vichwani bila kujua kwamba liliwahi kuandikwa.